Jino ni Shahidi, si Hakimu

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma waliokutana Msimbati, kando ya Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara.



Ghuba hii imekwisha kupimwa na wataalamu wa kila namna. Mwaka 1982 waliokuja kuipima walikuta gesi chini ya ardhi. Mwaka 2000, ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, wengine walikuja kuangalia matumbawe, mikoko, kasa na samaki. Leo sikuja kusema habari ya gesi wala ya kasa. Nimekuja kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekuja nacho mkutanini bila ya kukibeba mkononi. Nitazungumza juu ya jino.

Huenda baadhi yenu mkajiuliza jino lina jambo gani la kuwakutanisha walimu na watumishi wa umma. Jawabu ni kwamba katika miaka ya karibuni wataalamu wa viumbe, waganga wa hospitali, waganga wa meno na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekutana hapo hapo, kwenye jino, wakiuliza swali moja: mtu huyu ni nani, naye ametoka wapi? Swali hilo halikubaki katika maabara. Limekwisha kuingia katika madarasa yetu. Mwanafunzi husoma katika simu kwamba wanasayansi wamethibitisha Waswahili ni Waajemi. Mwenzake husoma kwamba wanasayansi hao hao wamethibitisha Waswahili ni Waafrika watupu. Wote wawili huja kwa mwalimu, kila mmoja akiwa ameshika nusu ya habari, na mwalimu asipojiandaa darasa hugeuka uwanja wa kupimana damu.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba jino ni shahidi mwema sana, asiyependelea na asiyesahau. Lakini shahidi hujibu lile aliloliona tu. Hukumu ya nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu haikuwekwa mikononi mwake.

SHAHIDI ASIYEOZA

Kwanza tuelewe kwa nini wataalamu wamelichagua jino. Sehemu ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu ni ile ngozi nyeupe ya nje ya jino, ambayo wataalamu huiita enameli. Mfupa hujijenga upya muda wote wa uhai, ukipoteza kitu hiki na kuongeza kile. Enameli haifanyi hivyo. Hujengwa mara moja, utotoni, wakati jino lingali ndani ya ufizi; ikimalizika imemalizika. Gego la kwanza la mtu mzima huwa limekwisha kujengwa kichwa chake mtoto anapofikia umri wa miaka mitatu hivi, ingawa halitaonekana kinywani mpaka afike karibu miaka sita.

Kwa sababu hiyo, maji aliyokunywa mtoto na chakula alichokula katika miaka ile huacha alama isiyofutika. Mawe ya kila mahali yana madini yake. Madini huingia katika udongo, kutoka udongo huingia katika maji na mimea, na kutoka hapo huingia katika jino la mtoto. Mojawapo ya madini hayo huitwa strontiamu, na kipimo chake hutofautiana kati ya nchi na nchi kufuatana na umri wa mawe. Mtu akihama akaishi na kufa mbali, mifupa yake itafuata nchi mpya kidogo kidogo, lakini jino lake litaendelea kushuhudia nchi ya utoto wake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la maabara za ng'ambo peke yake. Watanzania tunalo mbele ya macho yetu. Ndugu zetu wengi waliokulia Arusha, Kilimanjaro na Singida wana meno yenye rangi ya kahawia, na mengine yana mashimo madogo madogo. Watu wasiojua husema hawa hawapigi mswaki. Ni uongo. Maji ya sehemu zile, kwa ajili ya mawe ya huko, yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini viwango vya muda vya mwaka 1974 kwa maji ya vijijini nchini mwetu viliruhusu mpaka miligramu 8, kwa sababu katika sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine. Mtoto aliyekunywa maji hayo jino lake likijengwa hubeba rangi ile maisha yake yote, hata akihamia Mtwara na kupiga mswaki mara tano kwa siku. Jino limesema kweli juu ya maji. Aliyekosea ni mtazamaji, aliyeona rangi akatoa hukumu juu ya usafi na malezi ya mtu. Naomba tulikumbuke kosa hilo, maana tutakutana nalo tena kwa sura nyingine.

MAKABURI YA KILWA

Sasa niingie katika habari iliyoleta mabishano. Mwezi Machi mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu wengi wakiwamo Esther Brielle na David Reich wa Marekani, Chapurukha Kusimba aliyezaliwa Kenya, na wachimbuzi Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, waliofanya kazi kwa miaka mingi Songo Mnara. Walichunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani na mji mmoja wa bara. Watu wa miji ya pwani waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa miji hiyo ni Manda, Faza na Mtwapa huko Kenya, na kwetu Kilwa na Songo Mnara, ambazo kwa jahazi si mbali na hapa tulipo. Katika mabaki hayo walitafuta vinasaba, yaani ile hati ya urithi ambayo kila mtu huipokea nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Waliona nini? Waliona kwamba wengi kati ya watu wale wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kutoka kwa mababu wa Kiafrika, na hao hasa walikuwa wanawake. Waliona pia sehemu kubwa, na kwa baadhi ya watu zaidi ya nusu, iliyotoka Asia. Kati ya asilimia 80 na 90 ya asili hiyo ya Asia ilitokana na wanaume wa Kiajemi. Nyingine ilikuwa ya Kihindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000, wakati ule ule Uislamu ulipokuwa ukienea pwani. Baada ya mwaka 1500 hivi, damu iliyoingia kutoka ng'ambo ilizidi kuwa ya Kiarabu.

Wapo waliosoma habari hii wakafurahi kwamba Tarehe ya Kilwa imethibitishwa. Tarehe hiyo, ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa lugha yake mwaka 1552, husema juu ya mtoto wa mfalme kutoka Shirazi aliyeinunua Kilwa kwa nguo. Kwa miaka mingi wasomi waliigawanya katika makundi. Wakati wa ukoloni wengi walipenda kusema kwamba kila jumba la mawe pwani lilijengwa na wageni, kwa kuwa hawakuamini kwamba Mwafrika angeweza kujenga mji. Wachimbuzi waliokuja baadaye, na miongoni mwao Mtanzania Profesa Felix Chami, walifukua vyungu na vijiji vya wakulima na wavuvi wa pwani ambavyo ni vya kale kuliko misikiti ya mawe, wakaonyesha kwamba mizizi ya miji hii imo katika ardhi hii hii. Wengine wakavuka mpaka wakasema hadithi ya Shirazi ni uzushi mtupu, majigambo ya watu waliotaka ukubwa.

Shahidi wetu anazikataa hadithi zote mbili zikidai kuwa kamili. Waajemi walikuja kweli. Wazee waliosimulia hawakusema uongo. Lakini waliokuja walioa hapa, wakazaa hapa, na watoto wao wakalelewa kwa lugha ya mama zao. Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika nahau na mwili wake, ingawa kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Mtoto hufundishwa kusema na yule anayembeba mgongoni. Vyungu vya kupikia vilikuwa vya hapa, na mtama uliopikwa humo ulilimwa hapa.

Tena hapana budi tuulize shahidi huyu amesimama wapi. Waliochunguzwa hawakuchukuliwa kutoka kila kaburi. Wengi walizikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya heshima ya miji ya mawe. Mkulima aliyekuwa akileta mtama kwa mtumbwi, mvuvi wa kijiji cha makuti na mtumwa aliyezikwa bila ya jiwe hawakuulizwa. Mwalimu anayesema kwamba utafiti huu umeeleza Waswahili wote amesema zaidi ya waandishi wenyewe.

MAMA NA MJOMBA

Ndugu walimu, hapa Kusini tunayo sababu ya pekee ya kuyafikiri matokeo haya. Tarehe ya Kilwa ni tarehe ya akina baba. Hutaja mwana wa nani, mjukuu wa nani, na wanawake karibu hawaonekani. Masimulizi mengine ya wazee wa Kilwa yanamkumbuka binti wa Mrimba, mwenyeji wa kisiwa, aliyeolewa na mgeni. Hata hivyo wengi tunalikumbuka jina la baba yake kuliko lake. Wataalamu waliposoma vinasaba vinavyopita kwa mama peke yake, walikuta karibu vyote ni vya Kiafrika. Wanawake waliosahauliwa na kalamu wamekuja kusema kwa vinywa vya watoto wao.

Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa baba, habari hiyo ni nyongeza tu. Lakini Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ndio wenyeji wa nchi hii kutoka Ruvuma mpaka Lindi, kwa mila yao ya asili mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye amri juu yake ni mjomba. Tukiwaita wazee wa mila hiyo tukawauliza, mtoto wa mwanamke wa hapa aliyezaa na mgeni ni wa nani, watajibu bila ya kusita kwamba ni wetu. Kinasaba ni kile kile, karatasi ya maabara ni ile ile. Mila ya baba inamtoa mtoto nje na mila ya mama inamwingiza ndani. Basi ni dhahiri kwamba anayetoa hukumu juu ya utu na udugu ni jamii, kwa sheria zake na mila zake. Jino halina mila.

Mfano mwingine tunao karibu zaidi. Wazee mliopo hapa mnajua habari za Wamaraba, Wamakonde waliokaa pwani, wakashika Uislamu na desturi za watu wa Mikindani, wakaja kuitwa kwa jina jingine. Ukilichukua jino la Mmaraba na jino la ndugu yake aliyebaki juu katika uwanda wa Newala, mtaalamu anaweza kukwambia kwamba mmoja alikulia maji ya pwani na mwingine maji ya mlimani. Atakwambia pia kwamba ni jamaa. Hataweza kukwambia kwamba mmoja aliitwa Mmaraba na mwingine Mmakonde, wala ni lini mmoja alianza kujiona tofauti. Hayo yalitendeka katika nia za watu, na nia haiachi alama katika enameli.

Hali kadhalika mpaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, ng'ambo ya maingilio ya mto, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikarudi kwa Wareno. Mtoto aliyezaliwa Kionga wakati huo aliweza kubadilishiwa dola mara mbili kabla ya kuota mvi, hali anakunywa kisima kile kile. Jino lake halina habari na Wajerumani wala Wareno.

MENO YALIYOCHONGWA

Sasa niruhusuni niseme jambo linalonihusu. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji kabla sijazaliwa. Alikuwa na nembo usoni, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Kwa wazee wa Kimakonde wa zama zake hilo lilikuwa pambo na tena ushahidi wa ushupavu: aliyevumilia patasi bila ya kulia alijulikana kwamba amekua. Siku moja, katika shule niliyosoma, bibi alikuja siku ya wazazi. Alipoondoka, mwalimu mmoja alisema mbele ya darasa kwamba watu wa namna ile walichonga meno kwa sababu walikuwa wakila watu. Darasa likacheka. Nami, badala ya kusema kweli, nilicheka pamoja nao. Mwaka uliofuata nilimwambia bibi asije. Hakuniuliza sababu. Mpaka alipofariki hakuja tena shuleni.

Sikulisimulia jambo hili ili kumlaumu mwalimu yule, ambaye naye alifundishwa hivyo na wengine. Nimelisimulia kwa sababu kosa lake ni lile lile la anayeona meno ya kahawia akasema mtu hanawi. Aliona alama akaihukumu bila ya kuiuliza.

Sasa sikilizeni alama hiyo imesema nini mahali pengine. Huko Cape Town, karibu na mahali palipokuwa na ngome ndogo ya Fort Knokke, ilifukuliwa mifupa ya watu waliozikwa ovyo ufukoni. Baadhi yao walikuwa na meno yaliyochongwa. Mwaka 1997 watafiti Glenda Cox na Judith Sealy walieleza jinsi walivyopima kaboni na naitrojeni katika meno na mifupa yao, wakaona kwamba watu hawa walikula utotoni chakula cha nchi za joto na hawakuzaliwa Rasi. Waliwahusisha na jahazi la Kireno lililoitwa Pacquet Real, lililovunjika mahali hapo mwaka 1818 likiwa limebeba watumwa kutoka Msumbiji kwenda Brazili.

Fikirini, ndugu zangu. Jina lao halikuandikwa na nabii wala karani. Waliowachukua waliwahesabu kama shehena. Lugha yao ilizama pamoja nao. Kilichobaki ni kazi ya mkono wa fundi mmoja wa kijijini, aliyekaa na mtoto chini ya mti na kumchonga meno ili awe mtu kamili mbele ya wenzake. Alama ile ile iliyochekwa darasani ndiyo iliyosimama baada ya miaka karibu mia mbili ikasema: hawa walikuwa na kwao, walikuwa na watu waliowalea. Siwezi kusema kwamba walikuwa Wamakonde, kwa kuwa kuchonga meno kulikuwa desturi ya makabila mengi ya sehemu hizi. Lakini tunajua kwamba kutoka Kilwa Kivinje, Mikindani, Ibo na Kisiwa cha Msumbiji wengi waliondoka namna hiyo, na hapa pwani hatuna haki ya kuwasahau.

Desturi yenyewe imekwisha, wala sikuja kudai irudishwe. Patasi haikuwa salama kwa jino. Ilifungua njia ya maumivu na kuoza. Tumechagua nembo nyingine, hata neno lenyewe tumelipandisha cheo tukasema Nembo ya Taifa. Ni vema. Lakini kuacha desturi si sawa na kumwonea haya aliyeifuata.

MENO YA PLASTIKI

Nimesema habari za wafu vya kutosha. Yapo meno ya watoto walio hai ambayo yanahitaji ulinzi wetu leo. Tangu miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, jamaa humfunua kinywa wakaona mahali pa chonge, ndani ya ufizi, uvimbe mweupe. Huambiwa kwamba hayo ni meno mabaya yanayomwua mtoto, nayo lazima yang'olewe. Aitwaye kuyang'oa hutumia kisu, msumari au spoki ya baiskeli.

Watafiti wa meno wa Tanzania, wakiwamo Kikwilu na Hiza waliochapisha kazi yao mwaka 1997, wamelichunguza jambo hili kwa kina. Kinachong'olewa si jino baya. Ni chipukizi la chonge la utotoni, jeupe kwa sababu kila chipukizi la jino ni jeupe. Matokeo huwa kutokwa damu, vidonda, vijidudu kuingia mwilini na pengine kifo. Anayepona huweza kukuta chonge lake la ukubwani, lililokuwa likijengwa jirani na pale, limeharibika au halitaota kamwe.

Kwa nini basi wazazi wenye akili timamu na wanaowapenda watoto wao huamini hivyo? Tusiwadharau, tufuate hoja yao. Karibu na umri wa miezi sita mtoto huanza kuota meno. Katika umri huo huo huanza kula uji, huanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani, na ile kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama huwa imepungua. Mambo hayo huleta kuhara. Kuhara na meno huja pamoja, na mzazi huona kimoja kimesababisha kingine. Mtoto aking'olewa, akapona baada ya siku chache kama ambavyo angepona hata bila ya kuguswa, sifa humwendea mwenye spoki. Asipopona, husemwa aliletwa kwa kuchelewa. Imani ya namna hiyo haivunjwi kwa kebehi. Huvunjwa kwa maelezo ya subira, na kwa zahanati yenye dawa siku mzazi anapofika: maji ya chumvi na sukari ya kumrudishia mtoto maji mwilini, vidonge vya zinki, na mtumishi anayemsikiliza mama mpaka mwisho kabla ya kumkaripia.

Hapo mtaona kwamba neno meno ya plastiki halikutoka kwa mababu. Plastiki na nailoni ni vitu vya juzi. Si kila kinachoitwa mila ni cha kale, kama ambavyo si kila kinachoandikwa kwa vinasaba ni hukumu. Waswahili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Pengo la mtoto aliyeng'olewa chonge halizibwi na majuto yetu baadaye.

WAJIBU WETU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutaja mambo matatu.

La kwanza ni kwa walimu. Mfundisheni mtoto namna jino linavyojengwa, naye atajifunza elimu ya viumbe, ya madini, ya afya na ya historia katika somo moja, tena kwa kioo tu na kinywa chake mwenyewe. Akiuliza kama Waswahili ni Waajemi au Waafrika, mwonyesheni matokeo yote na mipaka yake, kisha mwulizeni yeye: bibi yako alikufundisha lugha gani? Wala mtoto asitoke darasani akijua kumpima mwenzake damu.

La pili ni kwa watumishi wa wilaya na vijiji. Watafiti watakuja tena, maana makaburi ya kale yamejaa pwani hii kutoka Mikindani mpaka visiwa vya ghuba. Waje, wakaribishwe. Lakini mfupa wa kaburini una jamaa, hata kama jamaa hao hawalijui jina la aliyelala. Wazee waelezwe kwanza kwa Kiswahili kinachofahamika nini kitachukuliwa, kitapelekwa wapi na kitarudi lini. Na matokeo yarudi hapa kwa Kiswahili hicho hicho, yasomwe mbele ya watu waliotoa ruhusa. Elimu inayochukuliwa Kilwa ikasomwa ng'ambo tu haijafika mwisho wa safari yake.

La tatu ni letu sote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo yanaweza kuzuiwa. Soda na biskuti zimefika hata Msimbati. Mswaki, dawa ya meno yenye floraidi kwa kiasi chake, na kumpeleka mtoto zahanati mapema ni mambo madogo yanayookoa vinywa vingi.

Ama bibi yangu, nimechelewa. Sasa ningeweza kumweleza kila nilichowaeleza ninyi, na nadhani angesikiliza kwa upole, kisha angeuliza swali moja tu: kwa nini sikuliambia darasa lile siku ile? Walimu wenzangu, kesho asubuhi kutakuwa na mtoto darasani ambaye mzee wa kwao ana nembo, au meno ya kahawia, au jina ambalo wenzake hulicheka. Naomba msiingoje maabara iwaambie namna ya kumtetea.